Wazee Wetu na Ruhusa ya Serikali

Zamani, katika milima ya Masisi na katika misitu ya Walikale, hapakuwa na mtu aliyeomba ruhusa ya kumtunza mzee. Mzee alikaa kwa mwanawe, wajukuu wakamchotea maji na kumwashia moto. Hata sheria ya jamaa ya mwaka 1987 yaagiza vivyo hivyo: watoto wawape riziki wazazi wao wenye kuhitaji.

Lakini vita vimevunja nyumba nyingi. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea hata Masisi. Tangu hapo watu wamekimbia mara nyingi. Mwaka 2025 mapigano yalifika tena Walikale mjini. Kijana hukimbia upesi. Mzee asiye na nguvu hubaki nyuma, au hufika kambini peke yake. Nani atamlea? Ndipo watu wema wanapofikiri kufungua nyumba ya wazee, na ndipo Serikali inapouliza: ruhusa yenu iko wapi?

Swali hilo si geni. Tarehe 28 Desemba 1888, enzi ya Leopold II, ilitoka amri juu ya vyama vya dini, vya elimu na vya huruma. Nyingine ikatoka tarehe 18 Septemba 1965. Ile tunayoifuata leo ni sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001. Basi tuone yataka nini kwa chama kisichotafuta faida.

Kwanza, wanachama wasipungue saba. Pili, kanuni za chama ziandikwe na kuthibitishwa mbele ya notari. Tatu, ziwepo orodha ya wanachama, majina ya viongozi, vyeti vyao vya mwenendo mwema, na maelezo ya mahali fedha zitakapotoka. Maombi hupelekwa kwa Waziri wa Sheria, Kinshasa. Waziri anayesimamia kazi ya namna hiyo akikubali, chama chaweza kuanza kazi kwa miezi sita. Miezi hiyo ikiisha, chama huhesabiwa kuwa kimekubaliwa, na Waziri wa Sheria hana budi kutoa hati katika mwezi unaofuata. Lakini anayetafuta faida hushika njia nyingine: huandikishwa katika daftari la wafanya biashara.

Wengine watanung'unika: Kinshasa ni mbali, na mzee ana njaa leo. Ni kweli. Lakini tufikiri: mzee asiyeona, asiye na mtoto, akinyang'anywa posho yake atamshitaki nani? Karatasi ile yaonyesha majina ya wale wanaopaswa kujibu. Nayo Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, yawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee.

Hata hivyo, ruhusa ya Serikali haimwondolei mtoto deni lake. Nyumba ya wazee ni ya mzee aliyekosa mtu. Kama mwanawe yu hai, huyo ndiye wa kwanza kuulizwa.