Safari ya Jina Baraka

Mwaka 1860, John Hanning Speke na James Grant walipotoka Unguja kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile, msafara wao ulikuwa na viongozi wawili wasiopatana. Mmoja alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akafikishwa Bara Hindi na baadaye kurudi pwani akiwa huru. Wa pili aliitwa Baraka. Naye aliwahi kutumika na Waingereza huko Bara Hindi, na hakupenda hata kidogo kumwona mwenzake amewekwa juu yake. Majina yao yalichipuka katika shina moja, na Mwunguja wa zama zile akiyasikia alijua mara moja anazungumziwa mtu wa daraja gani.

Baraka, Mabruki, Faraji, Feruzi, Almasi, Majaliwa, Bahati: haya yalikuwa majina ambayo mabwana waliwapa watumwa wao. Ni majina ya heri na ya vito, kama yale ambayo wenye majahazi hukipa chombo kipya ili kisafiri salama. Muungwana alimwita mwanawe Salim, Ali au Abdallah, kisha likafuata jina la baba, la babu, na mwisho nisba ya ukoo au mji. Mtumwa hakuhesabiwa kuwa na ukoo wa kutajwa, jina lake moja lilimtosha. Mstari huo haukunyooka kabisa, maana Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, alikuwa na jina la shina lile lile na hakuna aliyethubutu kumdhania mtumwa. Kilichomtofautisha na Mabruki mpagazi ni lile neno “bin” na kilicholifuata. Baada ya amri ya 1897 ya kukomesha utumwa Unguja, baadhi ya walioachiwa huru walitafuta majina mengine, na zaidi waliwatafutia watoto wao. Fatuma alianza kusikika katika nyumba ambazo mama mtu aliitwa Tabu.

Sasa tuvuke bahari, tena bahari isiyo yetu.

Katika mji wa Newark, jimbo la New Jersey, alizaliwa mwaka 1934 mtoto aliyeitwa Everett Leroy Jones. Alipokuwa mshairi akaandika LeRoi, kwa mtindo wa Kifaransa, na kwa jina hilo akapata sifa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya kuuawa kwa mwanaharakati Malcolm X na baada ya machafuko ya Newark ya 1967, alipewa jina la Kiarabu lenye maana ya mkuu aliyebarikiwa. Lakini jina hilo halikubaki na sura yake ya Kiarabu. Maulana Karenga aliligeuza likafuata matamshi ya Kiswahili: Amiri Baraka. Mkewe Sylvia akawa Amina.

Karenga mwenyewe alizaliwa Ronald Everett, mwaka 1941. Kundi lake la Us lilianzishwa Los Angeles mwaka 1965, na mwaka uliofuata akabuni sikukuu ya Kwanzaa yenye nguzo saba, kuanzia Umoja mpaka Imani. Nguzo ya pili, Kujichagulia, inataja waziwazi haki ya watu kujipa majina wenyewe. Agizo hilo lilipata wasikilizaji waliokwisha kuandaliwa. Jumuiya ya Nation of Islam ilikuwa imewafundisha wafuasi wake kuweka herufi X mahali pa jina la ukoo lililotoka kwa bwana wa shamba, na mwaka 1964 bondia Cassius Clay alitangaza kuwa sasa yeye ni Muhammad Ali. “Jina la mtumwa” lilikuwa tayari tusi linalojulikana. Walilokuwa hawajui wengi wao ni kwamba Baraka nalo liliwahi kuwa jina la namna hiyo hiyo, upande wa pili wa Afrika.

Kwa nini Kiswahili? Wakosoaji waliuliza swali hilo tangu mwanzo, na kwa upande wa ramani walikuwa na haki. Wengi mno wa waliopelekwa Amerika Kaskazini utumwani walitoka pwani ya magharibi, kuanzia Senegambia hadi Angola. Waliotoka mashariki walikuwa wachache. Tena Waakan wa pwani hiyo ya magharibi walikwisha kuacha alama yao huko: Paul Cuffe, nahodha na mfanyabiashara wa Massachusetts aliyezaliwa mwaka 1759, aliacha jina la Slocum, lililokuwa la bwana wa baba yake, akachukua la Kiakan la baba mwenyewe, Kofi. Hoja ya Karenga ilikuwa nyingine. Kiswahili hakikuwa lugha ya kabila moja, na mtu ambaye hawezi kujua babu yake alikuwa Mwigbo au Mkongo hahitaji kubahatisha. Hapo mimi naona Karenga aliwaelewa watu wake kuliko wakosoaji wake. Siasa za wakati nazo zilisaidia: Malcolm X alifika Dar es Salaam mwaka 1964 akaonana na Nyerere, na Tanzania ikawa nchi ambayo vijana weusi wa Marekani waliitazama kwa matumaini.

Basi majina yakamiminika. Imani, Nia, Malaika, Jabari, Aisha, Jamal. Mwaka 1976 Stevie Wonder alitoa wimbo wa kumfurahia binti yake Aisha, na jina likaingia nyumba ambazo hazikuwa na habari na siasa za Karenga. Vitabu vya majina ya Kiafrika vilichapishwa, vingine vizuri, vingine vya kuchekesha. Wasichana wengi wa Marekani leo huitwa Zuri, na Mswahili akilisikia hubaki akingoja mwanzo wa neno. Huko Newark, mwaka 1970, familia ya Amiri na Amina ilimpata Ras Baraka, ambaye tangu mwaka 2014 ndiye meya wa mji. Jina lililokosa ukoo Unguja limekuwa jina la ukoo huko.

Wanauchumi Roland Fryer na Steven Levitt walipochambua kumbukumbu za vizazi za California za 1961 hadi 2000, waliona kwamba katika miaka ya 1960 majina ya watoto weusi na weupe hayakuachana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaachana kwa kasi, na wao walilihusisha badiliko hilo na vuguvugu la Black Power. Kilichofuata hakikuwa katika mipango ya Karenga. Wenzao Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma barua karibu 5,000 za kuomba kazi katika miji ya Boston na Chicago, kisha mwaka 2004 wakachapisha matokeo. Sifa za waombaji zililingana, majina tu ndiyo yaliyotofautiana. Mwenye jina lililosikika kuwa la Mzungu alihitaji kutuma barua kama 10 ili aitwe mara moja, mwenye jina lililosikika kuwa la mtu mweusi alihitaji kama 15.

Msomaji wa Mombasa atazame majina yaliyowekwa upande wa weusi: Aisha, Rasheed, Hakim, Kareem, Jamal. Kwake hayo ni majina ya dini, hayamwambii lolote kuhusu rangi ya mtu. Yumo pia msichana aitwaye Kenya. Na yumo Leroy, jina lile lile ambalo Jones aliligeuza la Kifaransa, kisha akaliacha ili asikike Mwafrika zaidi. Mwajiri wa Boston alikuwa amekwisha kulihesabu kuwa la mtu mweusi.

Wakati huo huo ndugu mwingine wa jina Baraka alikuwa Chicago akifundisha sheria. Barack Obama alizaliwa Honolulu mwaka 1961, kabla ya mawimbi ya Kwanzaa, na hakupewa jina hilo na mwanaharakati yeyote. Alilirithi kwa baba yake, mwana wa Hussein Onyango Obama, Mjaluo wa Nyanza aliyesilimu. Utotoni aliitwa Barry, akarudi kwenye Barack alipokuwa chuoni. Alipogombea urais mwaka 2008, baadhi ya wapinzani wake walipenda kulikazia jina la katikati, Hussein, ili wapiga kura wasikie Uislamu. Kenya hakuna aliyelishughulikia Hussein. Kwa Wakenya lilitosha la mwisho: Obama ni Mjaluo, basi.

Wajaluo wana desturi ya kuwapa watoto majina ya matukio na ya watu mashuhuri, kwa hiyo ushindi wake ulipotangazwa Novemba mwaka huo, wodi za wazazi mjini Kisumu ziliandikisha kina Barack wapya. Walioandikishwa pamoja nao, wasichana wa Kijaluo wenye jina la Kifaransa lililopitia kwa mke wa Obama, binti wa Chicago, ni kina Michelle.