Rangi Moja, Madaftari Mengi: Hadhi ya Machimbo ya Masisi na Walikale

Tangu 2012, kila chimbo la wachimbaji wadogo wa koltani na kasiteriti mashariki mwa Kongo hupewa rangi: kijani likiruhusiwa kuuza, njano likipewa muda wa kurekebisha kasoro, nyekundu likipigwa marufuku. Ujumbe wa pamoja hukagua chimbo, kisha waziri wa madini hutia saini amri. Rangi hiyo ni neno moja tu, lakini linategemewa na maofisa wa shirika la serikali la SAEMAPE machimboni, na CEEC inayotoa vyeti vya kusafirisha nje, na mifumo ya ufuatiliaji ya watu binafsi. Nadai kwamba ihifadhiwe mahali pamoja, na kila mfumo uisome hapo badala ya kujinakilia. Wanaotumia programu za kufuatilia kazi, kama Jira, wanaujua ugonjwa huu: kanuni ya kiotomatiki ikinakili taarifa kutoka mradi hadi mradi, siku ikikwama miradi miwili hujibu swali moja kwa majibu mawili, na huenda asiwepo wa kugundua.

Rubaya, wilayani Masisi, ni ushahidi mzito. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya SMB, yenye leseni namba 4731 huko, iliuacha mfumo wa ufuatiliaji wa ITSCI na kuhamia ule wa Better Mining, huku eneo jirani la kampuni ya SAKIMA likibaki ITSCI. Vilima vinapakana, koltani inafanana, wachimbaji wanavuka kwa miguu. Ila madaftari yakawa mawili. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti madini ya upande mmoja yakifungwa etiketi za upande wa pili. Ulaghai ulikuwepo kabla ya hapo, lakini ufa kati ya madaftari uliupa njia pana zaidi.

Itasemwa kwamba daftari moja ni hatari vitani: Rubaya iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, na mji wa Walikale ukatekwa Machi 2025. Pingamizi hili linahusu nakala, nami sizikatai nakala. Kinachotakiwa ni kwamba nakala ya Walikale, mtandao ukikatika, ionyeshe tarehe iliposomwa, na isiweze kuibadili rangi yenyewe. Pingamizi zito zaidi ni kwamba rangi yenyewe inaweza kudanganya, kwani Kinshasa iko mbali na shimo, na nyekundu humnyima mchimbaji mlo wake. Ni kweli, umoja wa taarifa hauzai ukweli. Lakini kosa lililoandikwa mahali pamoja lina mwenyewe, na wachimbaji wanajua wampelekee nani malalamiko. Likitawanyika katika madaftari matano, kila ofisi itamwelekeza mlalamikaji kwa jirani yake.

Muda nao ni sehemu ya rangi. Amri ya Februari 2025 iliyoyafanya machimbo 38 ya Masisi na Kalehe kuwa mekundu ilitolewa kwa miezi 6, kisha ikarefushwa. Mfumo ulionakili neno «nyekundu» bila tarehe ya ukomo hauwezi kutofautisha marufuku iliyo hai na iliyokwisha, na mnunuzi wa Goma anayeutegemea hana namna ya kujua.