Jumamosi Mzee Kenyatta Alipofungua Hospitali ya Kisumu

Katika historia yote ya Kisumu, hakuna siku ambayo mtu angetamani kuishuhudia kwa macho yake kuliko Jumamosi ya Oktoba 25, 1969. Reli ilipofika Ziwa Victoria Desemba 20, 1901, mji ulizaliwa na habari zake zikaandikwa. Siku ya kufunguliwa kwa Hospitali Kuu Mpya ya Nyanza, kinyume chake, kila upande umeisimulia kivyake, na hadi leo idadi ya waliokufa inabishaniwa.

Wagombanao ndio waliopatana. Mwaka 1958, Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria la kikoloni akatamka kwamba viongozi halisi ni Jomo Kenyatta na wenzake waliofungwa. Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964, Kenyatta akawa Rais na Jaramogi Makamu wake. Wakatofautiana kuhusu ardhi na urafiki na nchi za Mashariki. Mkutano wa chama tawala cha KANU wa Limuru wa Machi 1966 ulimvua madaraka chamani. Mwezi uliofuata alijiuzulu na kuongoza Kenya People's Union (KPU), chama cha alama ya fahali.

Julai 5, 1969, Tom Mboya, waziri mwenye asili ya Nyanza, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Nyanza ilikuwa ingali katika matanga Rais alipokuja Kisumu miezi mitatu baadaye. Hospitali yenyewe ilikuwa matunda ya safari za Jaramogi: ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovyeti, na wenyeji waliiita Russia tu. Hivyo aliyeileta aliketi miongoni mwa wageni, naye hasimu wake ndiye aliyekuja kuifungua.

Vijana wa KPU walipaza sauti wakiita "Dume!" Mzee Kenyatta aliwageukia kwa Kiswahili kikali, akitukana bila kuficha. Aliapa kuwasaga wafuasi wa KPU kama unga. Kisha alimwelekea Jaramogi, akamwambia mbele ya umati kwamba kama si heshima ya urafiki wao, angemtia ndani siku hiyo hiyo ili ijulikane nani anatawala. Jaramogi hakunyamaza, walijibizana hadharani. Ghasia zikazuka, mawe yakarushwa, na walinzi wa Rais wakafyatua risasi. Msafara uliondoka ukiendelea kufyatua, na watu waliosimama kando ya barabara ya kuelekea Ahero na Awasi wakapigwa pia.

Hapo ndipo simulizi zinapoachana. Serikali ilidai kwamba Rais alivamiwa na wafuasi wa KPU, ikataja vifo 11. Wakazi wanasema risasi ziliwapata watoto wa shule na wapita njia ambao hawakuokota hata jiwe, na makadirio mengine yanafika watu 100.

Jaramogi aliwekwa kizuizini hadi Machi 1971. KPU ilipigwa marufuku Oktoba 30, 1969, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukawa wa KANU peke yake. Kenya ikabaki na chama kimoja hadi Desemba 1991. Mzee Kenyatta aliaga dunia Agosti 1978 bila kuzuru Kisumu tena.

Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, iliyaorodhesha mauaji ya Kisumu miongoni mwa dhuluma za dola. Machi 2015, Rais huyo, mwana wa Mzee, aliomba radhi Bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Radhi ilitamkwa kwa siku moja. Kanuni za kugawa fedha zilikokotwa mwaka baada ya mwaka.

Hospitali sasa inaitwa kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga na ndiyo tegemeo la wagonjwa wa rufaa wa magharibi mwa Kenya. Jina ni heshima kwa aliyeileta, ila haliwatoshi waliopigwa risasi siku ya kufunguliwa kwake. Watoto waliopanga mstari kando ya barabara mwaka 1969 sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 60. Serikali ya Kaunti ya Kisumu na vyuo vikuu vya eneo hilo vinapaswa kurekodi ushahidi wao, jina kwa jina, wangali hai.