Habari za Meno ya Rangi katika Nchi ya Kilimanjaro

Wengi wetu tuliozaliwa katika miteremko ya Kilimanjaro tulikaripiwa tungali watoto kwa ajili ya meno yetu ya hudhurungi. Tulipewa mkaa, tukasugua hata ufizi ukatoka damu, wala rangi haikutoka. Tukaitwa wachafu. Yatupasa kuieleza habari hiyo kwa haki.

Jino na mfupa hujengwa kwa kalsiamu na fosfeti, zilizopangwa kama mawe ya ukuta. Katika ukuta huo mna nafasi ndogo ambayo floraidi, madini yatokayo katika miamba ya volkano, huingia na kuondoa kilichokuwamo. Ikiwa kidogo, jino huzidi kuwa imara. Ikizidi, hali jino lingali likijengwa ndani ya ufizi, kazi huharibika: jino huota lina mabaka meupe kama chaki, na vitundu visivyoonekana, kisha rangi huingia humo. Mifupa nayo, ikipokea floraidi nyingi kwa miaka mingi, huwa minene, viungo vikakakamaa, na mgongo usiweze kuinama.

Mwaka 1901 mganga wa meno Frederick McKay aliyaona meno ya namna hii katika mji wa Colorado Springs, Marekani. Lakini asili yake haikujulikana hata mwaka 1931. Kwetu, wataalamu walichapisha mwaka 1998 habari za Rundugai, nchi ya tambarare, ambako maji yalikuwa na zaidi ya miligramu 5 za floraidi katika lita moja. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi 1.5. Lakini Kibosho, juu mlimani, maji yalikuwa na chini ya 0.2, na meno ya watoto yaliharibika sana vilevile. Basi haikuwa maji peke yake. Wakashuku kimo cha nchi, na magadi tuyatiayo katika kiburu na maharage, kwani magadi mengine yana floraidi nyingi.

Kwa hiyo, akina mama, mtoto asiyetimiza miaka 8 apikiwe pasipo magadi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Bali huko Ngurdoto, upande wa Meru, yamechujwa kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, kwa kuwa mfupa huishika floraidi. Nanyi walimu, mwenye meno ya rangi msimkaripie. Hakukosa kupiga mswaki.