Shinkolobwe na reli yake: historia inayotoweka Katanga

Kila tarehe 6 Agosti, dunia inapowakumbuka waliokufa Hiroshima, jina la Shinkolobwe hutajwa na wachache. Reli iliyobeba madini yake haitajwi kabisa. Lakini takriban theluthi mbili ya urani iliyotumiwa na Marekani katika mradi wake wa bomu la atomiki ilitoka katika mgodi huu, kilomita 20 hivi magharibi ya mji wa Likasi, Katanga, nchini Kongo. Bila reli, madini hayo yasingefika baharini, na Likasi yenyewe isingekuwa mji tunaoujua.

Reli ilitangulia urani. Kampuni ya reli ya Katanga, CFK, iliundwa mwaka 1902, na nyuma yake alisimama Robert Williams, Mskoti aliyekuwa akitafuta njia ya kuitoa shaba ya Katanga. Njia hiyo ilikuja kutoka kusini. Mwaka 1906 reli ilifika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe nchini Zambia. Desemba 1909 ikagusa Sakania mpakani, na tarehe 27 Septemba 1910 treni ya kwanza ikaingia Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka uliofuata tanuru za kuyeyushia shaba zikawashwa huko, zikitegemea makaa yaliyoletwa na treni kutoka Wankie, Rhodesia.

Ujenzi haukuishia hapo. Kambove ilifikiwa mwaka 1913, na Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918. Upana wa reli ulikuwa milimita 1,067, sawa na ule wa reli za kusini mwa Afrika, kwa hiyo behewa lililopakiwa Katanga liliweza kwenda hadi bandari za kusini bila kupakuliwa njiani. Mizigo iliyokuwa ikibebwa vichwani na mabegani mwa watu sasa ilivutwa na injini ya mvuke.

Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915 na Mwingereza Robert Rich Sharp, aliyekuwa akifanya kazi kwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Kilichotafutwa wakati huo kilikuwa radiamu ya kutibu saratani, na kuanzia mwaka 1922 ilisafishwa Olen, Ubelgiji. Urani yenyewe ilikuwa na thamani ndogo tu.

Njia mbili mpya zilibadili hesabu ya safari. Mwaka 1928 kampuni ya BCK ilifungua reli ya Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ambako mzigo ulihamishiwa kwenye majahazi ya mto Kasai. Mwaka 1931 reli ya Katanga iliunganishwa na ile ya Benguela nchini Angola, na bandari ya Lobito ikawa mlango wa karibu zaidi wa kuingilia Atlantiki.

Mlango huo ndio uliotumika mwaka 1940. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alihofia madini ya Shinkolobwe yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani, akaagiza zaidi ya tani 1,000 zipelekwe New York kupitia Lobito. Zilihifadhiwa Staten Island hadi Septemba 1942, ofisa wa jeshi la Marekani Kenneth Nichols alipokwenda kuzinunua. Mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji ukafunguliwa upya. Safari hii madini yalikwenda kwa treni hadi Port-Francqui, kwa majahazi hadi Léopoldville, na kwa treni tena hadi Matadi. Kazi ilikuwa ya siri: waliopakia mabehewa na waliochochea moto wa injini hawakuambiwa mzigo ule ungefanya nini.

Watu hao wanastahili nafasi yao katika historia. Injini ya mvuke haikutembea kwa mafuta na funguo tu. Saa nyingi kabla ya safari moto ulikuwa umeshawashwa, na kiwango cha maji katika tangi la mvuke kilichungwa daima, kwani tangi likikauka juu ya moto huweza kupasuka na kuua. Dereva alitazama njia, mchochezi akatupa kuni au makaa tanuruni kwa mpangilio, na kila umbali fulani treni ilisimama kujaza maji. Upande wa Angola, reli ya Benguela ilipanda misitu ya mikaratusi ili injini zake zisikose kuni.

Nyuma yao walikuwapo watu wa ishara. Kwenye reli ya njia moja, ajali inayoogopwa zaidi ni treni mbili kukutana uso kwa uso, na kanuni ya zamani ya kuizuia ni fupi: kati ya stesheni mbili, treni moja tu. Stesheni masta alimwuliza mwenzake wa mbele kwa simu ya waya kama njia i wazi, akaandika jibu na saa yake kwenye daftari, ndipo treni ikaruhusiwa. Katika nchi kama Ireland dereva alipewa pia fimbo ya chuma kutoka kwenye mashine maalumu. Fimbo moja ikiwa nje, mashine hiyo na pacha wake wa stesheni ya pili zilijifunga. Asiye na fimbo haondoki.

Kanuni hizo zilinunuliwa kwa damu. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, huko Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilikatwa vipande viwili mlimani. Mabehewa ya nyuma yaliteremka yenyewe, yakagongana na treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu takriban 80, na mwaka huohuo sheria ikalazimisha breki bora na nafasi ya lazima kati ya treni. Nasi tuna msiba wetu: Machi 2022, treni ya mizigo iliacha njia huko Buyofwe, Lualaba, na kuua zaidi ya watu 70, wengi wao wakiwa wamedandia mabehewa. Anayedhani historia ya reli ni mapambo ya makumbusho aitazame orodha ya wafu hao.

Likasi ina kumbukumbu mbili nzito za reli. Ya kwanza ni ya fahari: mwaka 1952 njia ya Jadotville, jina la zamani la Likasi, hadi Tenke iliwekewa umeme wenye masafa sawa na ule wa viwandani, miongoni mwa njia za kwanza duniani kufanya hivyo, na mvuke ukaanza kurudi nyuma. Ya pili ni ya uchungu. Watu wengi wa Kasai waliletwa Katanga na reli hiyohiyo kufanya kazi migodini na katika BCK. Mwaka 1992 na 1993 maelfu yao walifukuzwa majumbani, wakalala kuizunguka stesheni ya Likasi wakisubiri treni za kuwarudisha. Wengi walikufa kabla ya kufika.

Kwingineko watu wamechagua kuitunza historia yao ya reli. Nairobi ina makumbusho ya reli tangu mwaka 1971, ambako injini ya Garratt namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa. Ireland ina chama cha wananchi kilichoundwa mwaka 1964. Kituo chake kiko Whitehead, na hadi leo kinaendesha treni za mvuke kwa abiria wa kawaida, huku vijana wakifundishwa kazi ya tangi na moto na wazee wanaoijua.

Katanga haina muda wa kusubiri. Njia ya Lobito imerudi kugombaniwa: mwaka 2023 upande wa Angola ulikabidhiwa kwa kampuni mpya, na shaba na kobalti ya Kongo ndiyo inayowindwa. Reli mpya zitawekwa na vyuma chakavu vitauzwa. SNCC, shirika la reli la taifa, serikali ya mkoa wa Haut-Katanga na vyuo vya Lubumbashi vifanye mambo matatu kabla ya kandarasi za reli hizo kuanza: vikusanye madaftari ya stesheni, taa na vifaa vya ishara, virekodi sauti za wazee wa reli kwa Kiswahili chao cha Katanga, na vitenge injini moja ya mvuke na jengo moja Likasi, pamoja na maelezo ya wazi kuhusu urani ya Shinkolobwe na watu wa mwaka 1992. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na thamani ya mizigo inayopita, na wanaoweza kusimulia bado wapo hai.