MLANGO WA KUTOKEA SI LAZIMA UWE MPANA: KISA CHA MAHMOUD ABDUL-RAUF

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kijana mmoja ameniandikia inboksi. Alikuwa karani wa duka la jumla la pombe. Akaacha kazi kwa ajili ya Allah. Sasa ni mwezi wa saba, anauza vocha na maji barabarani, na kipato hakijafika hata nusu ya mshahara wa zamani. Anauliza: "Ustadh, ile aya ya Surat at-Talaq mnayotusomea, kwamba mcha Mungu hutolewa njia na kuruzukiwa asikotarajia, mbona kwangu haijatimia?"

Mwanangu, swali lako limenikaa kifuani. Badala ya kukujibu kwa haraka, nitakusimulia historia ya mtu mmoja. Tusome pamoja mpaka mwisho.

Alizaliwa mwaka 1969 katika mji wa Gulfport, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Jina lake lilikuwa Chris Jackson. Alilelewa na mama peke yake, katika umaskini. Tangu utotoni mwili wake ulikuwa ukishtuka na kutikisika bila yeye kutaka, na hakujua ni nini mpaka alipokuwa na miaka 17, madaktari walipomwambia ana ugonjwa wa Tourette. Ugonjwa huo ulimfanya asitulie mpaka jambo liwe sawasawa. Akifanya mazoezi ya mpira wa kikapu hatoki uwanjani mpaka atupe mipira kumi mfululizo ipite katikati ya nyavu bila kugusa chuma. Ukigusa wa kumi, anaanza tena moja.

Katika mwaka wake wa kwanza Chuo Kikuu cha Louisiana State alikuwa akifunga wastani wa pointi 30 kila mchezo. Mwaka 1990 timu za NBA zilipochagua vijana wapya, Denver Nuggets walimchukua akiwa wa tatu kati ya vijana wote wa nchi ile.

Kocha wake wa chuo alikuwa amempa kitabu cha maisha ya Malcolm X. Kitabu kile kilimfungulia maswali, na maswali yakamfikisha kwenye Qur'ani. Mwaka 1991 akatamka shahada. Mwaka 1993 akabadili jina kisheria, akawa Mahmoud Abdul-Rauf. Mahmoud, mwenye kusifiwa. Abdul-Rauf, mja wa Mwenye huruma.

Uislamu haukumpunguzia kitu uwanjani. Msimu wa 1993-94 alipiga mitupo huru 229, ile ambayo mchezaji husimama peke yake bila wa kumzuia, akafunga 219. Desemba 1995 aliwafunga Utah Jazz pointi 51. Februari 1996 aliongoza Denver kuwafunga Chicago Bulls ya Michael Jordan, timu iliyopoteza michezo 10 tu kati ya 82 msimu ule. Alikuwa na miaka 26, kileleni.

Hapo ndipo mtihani ulipokuja.

Msimu ule alikuwa hasimami wimbo wa taifa la Marekani unapopigwa. Anakaa, au anabaki ndani, kimya kimya. Miezi ikapita bila mtu kujali, mpaka wanahabari wakamuuliza. Akajibu wazi kwamba kwa watu wengi bendera ile ni alama ya dhulma, na kwamba hawezi kuwa pamoja na Mungu na pamoja na dhulma kwa wakati mmoja.

Machi 12, 1996 NBA ikamsimamisha. Kila mchezo atakaoukosa ulikuwa unamgharimu dola 31,707. Mji ukachafuka. Watangazaji wa redio moja ya Denver waliingia msikitini na viatu vyao, wakapiga tarumbeta ya wimbo wa taifa mbele ya Waislamu.

Tuseme ukweli wote, maana historia ni amana. Waislamu wenyewe hawakuwa na kauli moja. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Nigeria, Muislamu na nyota mkubwa wa ligi ile ile, alisema hadharani kwamba Muislamu mwema ni raia mwema anayeheshimu desturi za nchi. Sikuandika somo hili kuhukumu kati yao, wala kukwambia usimame au ukae. Hiyo ni mada nyingine, ina wanazuoni wake.

Baada ya mchezo mmoja tu wa adhabu, na baada ya mazungumzo, Abdul-Rauf alikubali kusimama, lakini atasimama akiomba dua. Machi 15, mjini Chicago, alisimama, akainamisha kichwa, akafunika uso kwa viganja vyake. Uwanja ukamzomea.

Ungedhani yameisha. Hapana. Kiangazi kile, Denver wakamuuza kwa Sacramento Kings mfungaji wao bora. Huko dakika zake zikapungua, na msimu wa pili hakucheza hata nusu ya michezo. Mkataba ulipoisha mwaka 1998 alikuwa na miaka 29 tu. Mwenyewe amesimulia kwamba hakuna timu iliyomwita hata kwa majaribio.

Sasa fuata safari yake, mwanangu, maana jibu lako limo humo.

Mwaka 1998 alikwenda Istanbul, Uturuki, kuichezea Fenerbahçe. Msimu haukuisha, akaondoka. Akakaa mwaka mzima bila timu. Msimu wa 2000-01 Vancouver walimrudisha NBA, dakika chache kila mchezo, kisha mlango ukafungwa moja kwa moja. Mwaka 2001 huo huo nyumba yake huko Mississippi, ambayo watu walikuwa wameiandika herufi za KKK, kundi la wazungu wabaguzi, iliteketea kwa moto.

Akakaa tena bila timu. Msimu wa 2003-04 akaenda Perm, Urusi, karibu na milima ya Ural. Mwaka uliofuata akawa Roseto, mji mdogo wa pwani nchini Italia. Msimu wa 2006-07 alikuwa Thessaloniki, Ugiriki, na klabu ya Aris. Kisha Jidda na Al-Ittihad, mji unaojulikana na kila aliyekwenda Hija. Mwaka 2009, akiwa na miaka 40, akaenda Kyoto, Japani, akacheza huko mpaka 2011. Huyu aliyemshinda Jordan anakimbizana na vijana wa miaka 22 katika ligi ambazo kwao Marekani hakuna anayezitazama.

Ndugu zangu, sisi wahubiri tuna kosa letu, nami nimo. Tunaisoma ile aya kama ahadi ya biashara: acha haramu leo, kesho utalipwa maradufu. Aya haikusema hivyo. Ilitaja *makhraj*, yaani mlango wa kutokea. Mlango wa kutokea unaweza kuwa mwembamba, ukainama kuupita. Unaweza kukutoa kwenye uwanja wa watu elfu ishirini ukakupeleka kwenye baridi ya Perm. Lakini ni mlango, na umetoka. Hukufa njaa, na dini yako umetoka nayo.

Abdul-Rauf hakurudishiwa miaka yake wala mamilioni yake. Mwaka 2020 wachezaji wa NBA walipiga goti wakati wa wimbo ule ule, na kanuni ile ile ingali imeandikwa, lakini hakuna aliyeadhibiwa. Mwaka huo huo chuo chake kikaipa heshima jezi yake namba 35. Hayo yalikuja miaka 24 baadaye. Na kabla hayajaja, huku wengi wamemsahau, yeye alikuwa akiswali na akisaidia kuanzisha msikiti Gulfport, mji uleule aliokulia maskini.

Basi mwanangu wa vocha na maji, usihesabu nusu iliyopungua. Huenda huo ndio mlango wako, na umeshaupita. Na sisi tunaosoma, tusimwachie dua peke yake. Mwenye duka lake anayehitaji karani mwaminifu aniandikie, nitawakutanisha.

Allah atupe uthabiti, na atuwezeshe kuridhika na alichokadiria.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.