Kinachovuta Misuli

Tarehe 22 Mei 1954 jarida la Nature lilichapisha makala mbili zilizofuatana, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao hawakuwa ndugu wala hawakushirikiana, lakini walifikia jambo moja: msuli unapojikaza, nyuzi zake hazifupiki, bali huteleza zikipishana.

Zinatelezeshwa na nini? Fueli ilishajulikana. Ni ATP, iliyogunduliwa na Karl Lohmann mwaka 1929, na miaka kumi baadaye Engelhardt na Ljubimova wakaonyesha kwamba myosini, protini ya msuli, ndiyo inayoivunja. Kuvunjika huko kunazaaje mwendo? Hapo palikuwa na giza.

Jibu la Andrew Huxley la mwaka 1957 bado nalistaajabia. Kwenye ulimwengu wa molekuli hakuna kutulia. Joto huzitikisa usiku na mchana. Kichwa cha myosini, alisema, hurushwa na joto hilo huku na huku. Kikiwa upande mmoja hushika uzi wa aktini, protini nyingine ya msuli. Kikivuka upande wa pili huachia upesi. ATP haisukumi chochote: inakibandua kichwa ili kianze upya. Hesabu zake zilikubaliana na vipimo ambavyo A. V. Hill alivichukua kwenye misuli ya chura mwaka 1938.

Lakini ikiwa mtikisiko ni wa bure, ATP inalipia nini? Mwanafizikia Smoluchowski aliligusa swali hili mwaka 1912, na Richard Feynman akalifafanua kwa wanafunzi wake California mwanzoni mwa miaka ya 1960. Chukua gurudumu lenye meno yaliyolala upande mmoja, na kizuizi kinacholikataza kurudi. Likiwa dogo kama molekuli, kizuizi nacho hutikiswa na joto, huinuka ovyo, na gurudumu hurudi nyuma mara nyingi kadiri linavyokwenda mbele. Kinacholipiwa, basi, ni kuchagua upande.

Kuhusu kichwa cha myosini, Hugh Huxley alikuwa na wazo lake. Mwaka 1969 alipendekeza kwamba kichwa kikishashika huinama na kuuvuta uzi. Miaka miwili baadaye Andrew Huxley na Robert Simmons waliunganisha mawazo yote mawili: kichwa huinama kwa hatua, kikivuta kitu kinachonyumbuka kama springi, na joto ndilo linalokivusha kutoka hatua moja hadi nyingine.

Mwaka 1993 Karel Svoboda, Steven Block na wenzao walitumia leza kufuatilia molekuli moja ya kinesini, protini inayochukua mizigo ndani ya seli na ambayo, kama myosini, huendeshwa na ATP. Ilikwenda kwa hatua za nanomita 8. Baadaye ikathibitika kwamba kila hatua hula ATP moja, na kwamba ikibebeshwa mzigo mzito hugeuza takriban nusu ya nishati hiyo kuwa kazi.